Burda: tuisome darasani kwa kalamu, au ibaki kwenye maulidi?

Kalamu Nyeusi
Assalaam alaykum. Kila mfungo sita Burda, kasida ya al-Busiri, inapita masikioni mwetu na hakuna anayeisimamisha. Imetungwa Misri karne ya 13, beti 160 hivi, fasili (yaani sehemu) 10, kina cha mimu, herufi ya m, mwanzo mpaka mwisho. Fungueni fasili ya kwanza. Mtu anawakumbuka majirani wa mahali paitwapo Dhi Salam mpaka machozi yanachanganyika na damu. Upepo unavuma kutoka Kadhima, umeme unamulika gizani upande wa Idam. Kuna mtu anamlaumu kwa mapenzi yake naye anaomba udhuru. Kama hujaambiwa ni kasida ya kumsifu Mtume (s.a.w.), utaapa ni shairi la mapenzi. Ukiingia fasili ya pili, mpenzi yule ni mzee anayeishtaki nafsi yake: mvi zimemjia kichwani kama mgeni, na hana tendo jema la kumkirimu.

Swali langu: anayeliliwa pale mwanzo ni mwanamke, ni Madina, au ni desturi tu ya washairi wa Kiarabu? Nasema kasida hii iingie somo la fasihi sekondari, mhusika wake na ishara zake zichambuliwe. Maana wanaoighani kila wiki, wengi wao hawajui hata huyo mgeni ni nani.

Mzee wa Barza
Mwanangu, umeanza vizuri ukamalizia kwa kututukana. Hatujui? Mimi Burda nimesomeshwa chuoni, madrasa, beti kwa beti. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, akifika pale kwenye mvi alikuwa hawezi kuendelea, tunamngoja. Leo waja nayo kama umeiokota wewe. Na hilo la nafsi pia tumelisoma: nafsi ni kama mtoto mchanga, ukimwacha anakua na mapenzi ya kunyonya, ukimwachisha anaacha. Hawa wasiojua ni kina nani? Wataje.

Binti Mvita
Shikamoo Mzee. Hakukutaja wewe, kasema wengi, na ni kweli. Sisi wasichana tulifunzwa kughani. Maana tuliambiwa tutaipata mbele, na mbele yenyewe hatukufikishwa. Maana yake nimeitafuta mwenyewe nikiwa mtu mzima, kwa kitabu cha kuazima.

Mpate Asilia
Mbona mnahangaika? Tafsiri ipo. Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri Burda kwa Kiswahili zama zile za enzi ya Pate.

Kalamu Nyeusi
Hiyo ni Hamziya, ndugu yangu. Mtunzi wa Kiarabu ni huyohuyo al-Busiri, lakini kasida ni mbili. Moja kina chake hamza, nyingine mimu.

Mpate Asilia
Hamziya, Burda, zote za mtu mmoja. Hoja yangu iko palepale: watu wa Pate walifasiri bila kungoja wizara iwaandikie mtaala.

Abu Salma
Kabla hamjawapa watoto, waelezeni ule ubeti usemao dunia na mwenzake akhera ni katika ukarimu wa Mtume, na elimu ya Loho na Kalamu, yaani ubao na kalamu ya Mungu vilivyoandika majaaliwa, ni sehemu ya elimu yake. Wanachuoni wameukemea. Huo nao mtauita ishara?

Mzee wa Barza
Na wanachuoni wengine wameusherehesha, wala hawakuona ushirikina. Al-Busiri mwenyewe alitangulia kuweka mpaka, fasili ya tatu: acha waliyoyadai Manasara, yaani Wakristo, juu ya Nabii wao, kisha msifu utakavyo. Mtu aliyeandika hivyo alijua anakanyaga wapi. Usimchukulie ubeti mmoja ukaacha uliomlinda.

Abu Salma
Mzee, nakuheshimu, lakini kuweka mpaka si sawa na kuufuata.

Binti Mvita
Naomba turudi kwenye swali, kwa sababu jawabu liko ndani ya kasida. Kuanza na mapenzi si ajabu: mshairi Kaab bin Zuhayr alimlilia mpenzi wake Suad mbele ya Mtume mwenyewe, na akapewa joho. Lakini Kaab anamtaja mwanamke kwa jina. Al-Busiri hataji. Anataja mahali tu, na Idam ni bonde la upande wa Madina. Sasa mtazameni anayelaumu. Beti mbili za mwisho za fasili ya kwanza, mshairi anakiri kuwa hata nasaha ya mvi aliituhumu, na mvi ndiyo iliyo mbali zaidi na tuhuma. Kwa hiyo mlaumu tuliyedhani ni jirani mmbeya anaishia kuwa nywele za kichwa chake mwenyewe! Kisha fasili ya pili inafunguka kwa nafsi iamrishayo maovu, maneno ya Sura ya Yusuf. Nani hapo Qurani alishawishiwa kwa mapenzi akakataa? Huyu wetu anajiona hakukataa. Ndiyo maana namwona mpenzi na mwenye kutubia ni mtu mmoja tangu ubeti wa kwanza.

Mkaazi wa Kariakoo
Mimi Mkristo na nimewasoma wote. Utendi wa Mwana Kupona tulifundishwa darasani na hakuna aliyesilimishwa. Burda ina shida gani? Shida ni mwalimu wa kuifundisha, Kiarabu chenyewe atakitoa wapi?

Mzee wa Barza
Shida ni sauti, bwana. Darasani mtaisoma kimya na kalamu nyekundu. Burda bila kuitikia "Maulaya salli wa sallim" ni karatasi.

Binti Mvita
Mzee, hicho kiitikio hakimo hata katika hesabu ya beti.

Mzee wa Barza
Hakimo katika hesabu yenu. Katika yetu ndicho kinachoanza.

Kalamu Nyeusi
Mzee, hoja ya Binti Mvita juu ya mlaumu hujaijibu.

Mzee wa Barza
Nawe hujanitajia hao wasiojua. Na tafsiri ya darasani, mkifika pale miti inapomwendea Mtume ikisujudu, inatembea kwa shina bila nyayo, mtawaambia watoto ni ishara au ilitokea?

Abu Salma
Hapo sasa nami nataka jibu. Ilitokea, Kalamu Nyeusi, ndiyo au siyo?