Insha za wanafunzi ziwekwe kwenye blogu ya darasa, au zibaki daftarini?

Mwl_KidatoChaPili: Wadau, naomba mawazo. Nafundisha Kiswahili shule ya kata, darasa lina wanafunzi 87. Tangu Januari tuna blogu ya darasa. Insha zinaandikwa daftarini, kila Ijumaa wanane wanapokezana kuzichapa kwenye kompyuta mbili za maktaba, wenzao wanatoa maoni. Maoni hayatokei mpaka niyapitishe. Kijana aliyekuwa ananiletea mistari sita juzi kaandika kurasa mbili kuhusu bodaboda ya baba yake, kwa kuwa alijua shangazi yake wa Tabora atasoma. Sasa mkuu wa shule anasita na wazazi wamegawanyika. Niendelee?

Mzazi_Kibaha: Acha, mwalimu. NECTA, Baraza la Mitihani, wanataka kalamu na karatasi. Wakizoea huko wataandika "xaxa" na "cku". Halafu walimu wenyewe siku hizi r na l zinawashinda, nani amsahihishe nani?

Nyanza_Damu: Hapo kwenye r na l umenigusa. Nina miaka 14 kazini, Geita. Kisukuma hakina r, Kikurya hakina l. Mtoto anakuja shule na ulimi wa mama yake, sisi tunaanzia hapo. Njoo usimame mbele ya watoto 90 ndipo utucheke.

Mzazi_Kibaha: Sijataja kabila, umejitaja mwenyewe. Mwanangu kaandika "nimenunua karamu" na mwalimu akaweka vema. Karamu inanunuliwa duka gani?

Chwaka_Asilia: Ndiyo maana Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu, pale Mombasa mwaka 1930.

Bi_Msomaji: Mkutano wa Mombasa ni 1928, kaka. 1930 ni Kamati ya Lugha. Na huko Unguja hamuandiki "skuli"? Kila mtu ana lake.

Chwaka_Asilia: Skuli ni neno letu na tunalitamka sawasawa. Usilifananishe na karamu.

Nyanza_Damu: Haya, mnaotamka sawasawa, mnasahihisha insha ngapi kwa wiki? Mimi 180, usiku, kwa taa ya simu. Vema ikikosewa moja, mtu anakuja kunitangaza hapa!

Mkono_wa_Sheria: Mwalimu ana leseni lakini? Kanuni za maudhui za mtandaoni zilitaka zaidi ya milioni mbili kwa mwenye blogu.

Bi_Msomaji: Hizo ni za 2018, zilikuja nyingine 2020. Aulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa maandishi, asitishwe na tetesi. Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili 2004, leo tunaogopa insha ya bodaboda?

Mwl_KidatoChaPili: Jamani, turudi. Kijana wangu wa bodaboda naye ni Msukuma. Aliandika "balabala" mara tano, na aliyemrekebisha ni mwenzake kwenye maoni, kwa adabu, nikayakuta yananisubiri niyapitishe. Daftarini ningeiona peke yangu, tena baada ya wiki mbili. Kikao na mkuu ni Jumatatu. Mzazi_Kibaha, ningeweka insha ya mwanao kwa jina la kwanza tu, bila picha wala jina la shule, ungekataa?

Mzazi_Kibaha: Bila picha kabisa? Ngoja nizungumze na mama yake. Ila ile karamu, mwalimu, bado inaniuma.

Nyanza_Damu: Na mimi bado nasubiri uniombe radhi.