TV box ya 65,000 au niongeze pesa nichukue stiki ya 145,000?

Chamwino_Kwetu

Wakuu, salaam. Nina TV ya LG inchi 43, toleo la 2014, siyo smart. Ina HDMI mbili na USB moja. Nataka kutazama YouTube, Netflix na muvi za kwenye flashi. Intaneti ninayotumia ni hotspoti ya simu, bando la GB 30 kwa mwezi.

Dukani nimeonyeshwa vitu viwili. Kimoja ni boksi lililoandikwa MXQ Pro 4K, RAM GB 8, hifadhi GB 128, Android 13, bei 65,000. Kingine ni Xiaomi TV Stick 4K, RAM GB 2, hifadhi GB 8, bei 145,000. Kwa maandishi ya nje, la bei ndogo lina RAM mara nne ya lile la bei kubwa, na hapo ndipo ninaposita. Kuna sababu ya kuongeza 80,000? Na kwa bando langu hilo, kuna haja ya kununua kabisa?

FundiRuta

Mkuu, namba za hiyo MXQ usizilinganishe na chochote, kwa sababu si za kweli. Jina hilo linabandikwa na viwanda vingi, na ndani mara nyingi unakuta chipu ya Rockchip RK3229 au Allwinner ya daraja hilohilo. RK3229 ni chipu ya biti 32, RAM ya GB 8 haiibebi kabisa. Kinachokuwemo kwa kawaida ni RAM ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, kisha mfumo unahaririwa ili ukurasa wa maelezo ya kifaa uonyeshe namba kubwa. Android 13 nayo ni maandishi tu. Ukisakinisha AIDA64, programu ya kuonyesha maelezo halisi ya kifaa, ukaangalia kiwango cha API (namba ya ndani ya toleo la Android), maboksi mengi ya aina hiyo yanaonyesha 25, ambayo ni Android 7.1. Android 13 halisi ni API 33.

Usiniamini kwa maneno, lipime dukani kabla ya kutoa pesa. Mwambie muuzaji aliwashe, uliunganishe na hotspoti yako, kisha ufungue Play Store ya boksi lenyewe na kutafuta Netflix. Kama haitokei kwenye orodha, boksi halina kibali cha Netflix. Wauzaji wengi watakuonyesha Netflix ambayo tayari imo ndani. Hapo angalia unavyoitumia: ukiona rimoti inasogeza mshale kama wa kipanya cha kompyuta, hiyo ni Netflix ya simu iliyopachikwa kwenye TV. Itacheza, ila picha haitazidi ubora wa DVD, hata uwe unalipia kifurushi cha juu. Sababu ni kufuli la hakimiliki linaloitwa Widevine. Kifaa chenye kibali kina ngazi ya L1, na maboksi haya yanaishia L3. Programu ndogo ya DRM Info inakuonyesha ngazi hiyo ndani ya sekunde chache. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti si ushahidi, kiwanda chochote kinaweza kukichapisha.

Jambo la pili ni zito zaidi, na kwako wewe unayetumia bando linagusa mfuko moja kwa moja. Maboksi ya Android yasiyo na kibali cha Google yamekutwa mara nyingi yakiwa na virusi tangu kiwandani. Januari 2023 ilibainika kwa boksi la T95. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ilieleza kuhusu Vo1d, virusi vilivyokuwa vimeingia kwenye maboksi takriban milioni 1.3. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vyenye virusi vya aina hii, na mwezi uliofuata Google ikawafungulia kesi wanaouendesha, ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Kazi kubwa ya virusi hivi ni kubofya matangazo kwa siri na kukodisha intaneti yako kwa watu wengine wapitishe mambo yao. Maana yake boksi linakula bando hata kama hakuna anayetazama. Kulirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu virusi vimo ndani ya mfumo wenyewe.

RAM ya GB 2 ya hiyo stiki ni ndogo, lakini ni GB 2 za kweli. Inatosha kufungua programu moja kwa wakati bila kuganda. Tena wala usiogope neno 4K kwa kuwa TV yako ni Full HD. Stiki inashuka yenyewe hadi 1080p. Sababu ya kuchukua ya 4K badala ya ile ya zamani ya 1080p ni kwamba ile ya zamani ina RAM ya GB 1 na inachosha, halafu haifungui video za AV1, njia mpya ya kubana video. AV1 inabana video kuliko H.264, njia ya zamani, kwa hiyo picha ileile inakuja kwa data chache zaidi.

Bi_Mshale

Nakubaliana na FundiRuta kuhusu kifaa. Ila swali lako la mwisho ndilo lingetangulia. Piga hesabu ya bando kwanza.

Netflix yenyewe inataja matumizi haya kwa saa: ubora wa chini GB 0.3, wa kati GB 0.7, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. GB 30 zako kwa ubora wa kati zinakupa karibu saa 43 kwa mwezi, yaani kama saa moja na dakika 25 kila siku. Kwa HD unapata saa 10 mwezi mzima, na hapo simu yako haijatumia hata MB moja. Kwa hiyo inafaa kununua, mradi ubane ubora tangu siku ya kwanza. Ukiacha kifaa kijichagulie, wiki ya pili bando limekwisha.

Netflix haibanwi kwenye TV. Ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha simu, fungua wasifu wako, nenda kwenye mipangilio ya uchezaji, kisha matumizi ya data, chagua ubora wa kati. Kila wasifu unawekewa wake, hivyo kama watoto wana wasifu wao usisahau kuubana. Hapohapo zima vionjo vinavyojicheza na ile tabia ya kipindi kinachofuata kuanza chenyewe. Ukimaliza, toka kwenye Netflix ya TV na uingie upya ili mabadiliko yashike.

YouTube ni sumbufu zaidi. Ukiichagulia 480p kwenye video moja, inaweza kurudi juu kwenye video inayofuata. Njia inayosaidia ni kushusha mwonekano wa stiki yenyewe kuwa 720p kwenye mipangilio ya skrini, kisha kuchagua 480p ndani ya video ndefu. Kwa 480p unabaki chini ya GB 1 kwa saa. Kwenye inchi 43 ukiwa umekaa mita tatu, taarifa ya habari au mahubiri ya 480p yanatazamika vizuri. Mpira ndio unaoteseka, kwa sababu nyasi na mwendo wa haraka vinageuka ukungu.

Na usiiwashe mara ya kwanza kwa bando lako. Stiki mpya inavuta masasisho ya mfumo na ya kila programu, yote pamoja yanaweza kufika GB 1 au zaidi. Nenda nayo kwa mtu mwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, maliza masasisho yote, kisha zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye Play Store. Zima pia video za onjo kwenye skrini ya mwanzo, zinacheza kila ukipita juu yake na kila moja inakula.

Pwani_Digito

Ndugu Chamwino, kuhusu flashi hakuna aliyegusa, na hapo stiki ina kasoro. Haina tundu la kawaida la USB. Lipo moja dogo tu na ndilo linaloingiza umeme. Kama muvi za flashi ndizo utakazotazama zaidi, kwanza ichomeke flashi kwenye TV yenyewe. LG za miaka hiyo zinacheza H.264 bila shida. Zinazogoma ni zile zilizobanwa kwa H.265, faili zake huandikwa x265 au HEVC kwenye jina. Utasikia sauti bila picha, au TV itasema faili haitambuliki. Mwambie anayekujazia muvi akupe za x264, yaani H.264, tatizo limeisha na hujatumia shilingi.

Ukiona huwezi kukwepa x265, tafuta Xiaomi TV Box S badala ya stiki. Kizazi cha 2 kina RAM GB 2 na hifadhi GB 8 kama stiki, ila kina tundu la USB kamili. Sakinisha VLC, programu ya kuchezea video, itafungua karibu kila kitu. Muvi ikicheza bila sauti, ingia mipangilio ya sauti ya VLC na uzime upitishaji wa sauti ya dijitali, maana huenda TV yako haielewi aina ya sauti ya muvi hiyo, acha VLC iifungue yenyewe. Flashi iumbizwe (format) kwa FAT32, ndiyo inayosomeka popote, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Sikubaliani na wanaosema boksi la bei chee linafaa kwa flashi pekee. Linafaa tu kama hutaliunganisha na intaneti hata siku moja, wala kuliwekea akaunti yako ya Google. Nyumba yenye watoto hilo halidumu.

Chamwino_Kwetu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Naelekea kwenye stiki, muvi nitachukua za x264. Maswali mawili ya mwisho: naweza kuipa umeme kutoka USB ya TV ili nisitumie soketi nyingine? Na hotspoti ya simu itaiweza bila picha kukatika?

FundiRuta

Umeme wa USB ya TV usiutumie. Stiki inahitaji 5V na 1A, na tundu la USB la TV ya aina yako hutoa 0.5A. Itawaka, utaona nembo, na ukianza kucheza video itajizima na kujiwasha upya. Wengi hudhani stiki ni mbovu wakairudisha dukani, kumbe inakosa umeme. Tumia adapta iliyokuja nayo, na uipitishe kwenye TV guard pamoja na TV. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta ndogo kama hizi huondoka mapema.

Mkao wake nao una maana. Stiki ikibanwa nyuma ya TV, bati la TV linazuia mawimbi ya Wi-Fi na joto linabaki palepale. Tumia kipande kifupi cha kebo ya HDMI cha kurefushia, ichungulie pembeni. Kama simu yako inaweza kutoa hotspoti ya 5GHz na mko chumba kimoja, chagua hiyo. Kwa 1080p Netflix inataka kasi ya Mbps 5, kwa 720p Mbps 3. Simu iweke dirishani panaposhika mtandao vizuri, iwe kwenye chaji, na uzime ile tabia ya hotspoti kujifunga ikikosa mtumiaji.

Wakati wa kuingiza akaunti, stiki itapendekeza umalizie kwa simu. Simu yako ndiyo hotspoti, kwa hiyo mara nyingi njia hiyo inagoma katikati. Chagua kuendelea kwa rimoti, uandike barua pepe na nywila herufi kwa herufi. Ikikuambia imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na simu ina bando, angalia tarehe na saa. Tarehe ikiwa ya nyuma, Google inakataa kuingia.

Picha ikikatwa pembeni, maandishi ya chini yasionekane yote, tatizo si la stiki. Bonyeza kitufe cha uwiano wa picha kwenye rimoti ya LG na uchague Just Scan. Washa na Simplink kwenye menyu ya TV, rimoti moja itawasha vyote viwili.

Kitongoji_12

Samahani kwa kuingilia. Dada yangu yuko Marekani na anakuja mwezi ujao. Anasema huko kuna onn 4K ya Walmart kwa dola kama 20. Itafanya kazi huku?

Pwani_Digito

Itafanya kazi. Inatumia Google TV, mfumo wa Google wa TV, kwa hiyo ukiweka akaunti yako ya Tanzania unapata Play Store kama kawaida. Ile ya 2023 ina RAM GB 2 na hifadhi GB 8, sawa na stiki ya Xiaomi. Fire TV Stick ya Amazon mwambie aiache. Programu zake zinatoka duka la Amazon, siyo Play Store, na nyingi za kwetu hazimo humo.

Mwambie asome maandishi madogo kwenye adapta kabla hajafunga begi. Ikiwa imeandikwa Input 100-240V, unahitaji tu plagi ya kubadilishia kutoka miguu miwili bapa kwenda mitatu. Ikiwa ni 120V peke yake, adapta hiyo ibaki hukohuko, utumie chaja nzuri ya simu ya 5V yenye 1A au zaidi.