Begi dogo la mgongoni, la kazini na la mlimani: kati ya haya matatu lipi litadumu?

Mwendopole

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita begi langu limekatika kamba ya bega nikiwa na kompyuta ndani. Hilo ni la tatu katika miaka minne, na yote matatu yamefia mahali pamoja: pale kamba ya bega inaposhonewa kwenye mgongo wa begi. Nimechoka. Safari hii nanunua moja, na nataka linikalie miaka.

Siku za kazi ndani kunakuwa na kompyuta ya inchi 14, chaja, daftari, mwavuli na chupa ya maji. Jumamosi mbili kwa mwezi napanda milima, naondoka alfajiri na kurudi jioni. Mabegi mawili sitaki, na zaidi ya lita 25 sitaki pia, maana begi kubwa halikosi kujazwa.

Nimechuja nimebaki na matatu:

Fjällräven Kånken, lita 16. Jepesi mno, kama gramu 300 tu. Lilitengenezwa mwaka 1978 kwa ajili ya wanafunzi wa Sweden, ili mzigo wa vitabu ukae mgongoni badala ya kuning'inia bega moja.

GORUCK GR1, lita 21. Nailoni ngumu ya chapa ya Cordura, uzi wake mnene wa denia 1000, zipu nene. Likiwa tupu tayari linakaribia kilo moja na nusu.

Osprey Talon 22. Lina mkanda wa kiunoni na mgongo wenye kupitisha hewa, lakini nikilishika kitambaa nahisi kama kitachanika.

Moyo wangu uko kwa la pili kwa sababu ya hizo denia 1000. Mnasemaje?

UziMnene

Mkuu, mimi nashona na kukarabati mabegi, kwa hiyo naona yanavyokufa. Hebu soma tena ulichoandika mwenyewe: mabegi yako matatu yalikatika kwenye mshono wa kamba. Kitambaa kilikuwa kizima. Sasa mbona unachagua kwa unene wa kitambaa?

Denia ni kipimo cha uzito wa uzi. Chukua uzi wenye urefu wa mita 9,000, uupime. Ukiwa na gramu 1,000 hiyo ndiyo denia 1000, ukiwa na gramu 210 hiyo ni denia 210. Namba hiyo haikwambii uzi umesokotwa namna gani, umefumwa kwa kubana kiasi gani, wala kama ni nailoni au poliesta. Nailoni nzuri ya denia 420 inaishinda poliesta hafifu ya denia 600 kwenye kusuguliwa, tena kwa mbali. Poliesta nayo ina sifa yake, inavumilia jua kuliko nailoni, ila begi la mgongoni huuawa na msuguano kabla ya jua.

Begi lolote unalotaka kununua, ligeuze ndani nje kama unavyogeuza shati. Angalia haya.

Kwanza, kamba ya bega inaingia wapi? Ikiwa imebanwa katikati ya mshono mmoja wa juu na kupitishwa cherehani mara moja, hilo ndilo linalokukatikia kila mara. Kamba nzuri huingia ndani zaidi, huwekewa kipande cha ziada cha kitambaa nyuma yake, kisha hupigwa ule mshono mfupi mnene wa kwenda na kurudi, unaoonekana kama kijiti cha uzi. Uhesabu. Ukiuona pande zote mbili za kila kamba, na chini pale mkanda mwembamba wa kurekebishia unapoanzia, aliyelishona alijua kazi.

Pili, kingo za kitambaa kule ndani. Zikiwa wazi na nyuzi zinachomoza, kila ukijaza begi nyuzi zinateleza kidogo kutoka kwenye mshono, hadi siku moja panaachia pote. Zinatakiwa zifungwe kwa utepe.

Tatu, mshono uliosongamana kupita kiasi nao si mzuri. Kila tundu la sindano ni jeraha, na matundu yakikaribiana sana kitambaa huchanika kwa kuufuata mstari huohuo. Wengi wanadhani mshono wa karibukaribu ndio imara. Sivyo.

Kilele

Nakubaliana na fundi hapo juu, nami niongeze la uzito, kwa sababu naona umelitaja kisha ukalipita.

Piga hesabu ya siku ya mlimani. Maji lita mbili ni kilo mbili. Chakula, koti la mvua, sweta, tochi, dawa za huduma ya kwanza, vyote pamoja kilo mbili na ushei. Umefika kilo nne na nusu bado hujahesabu begi. Ukiongeza begi la kilo moja na nusu, robo ya mzigo wako ni kile kinachobeba mzigo. Kwa saa moja huoni tofauti. Saa ya sita, ukiwa unashuka, utaiona kwenye shingo.

Mimi natumia Talon mwaka wa tano. Mkanda wa kiunoni ukifungwa ukakaa juu ya mifupa ya nyonga, mabega yanapumua. Halafu linatoka kwa saizi mbili za mgongo, jambo ambalo mabegi mengi madogo hayana. Kipimo kinaanzia kwenye ule mfupa unaotokeza chini ya shingo ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu ya nyonga. Mwambie mtu akupime. Begi lisilolingana na mgongo wako ni adhabu, hata likiwa la chuma.

Kitambaa ni chepesi kweli. Langu halijachanika, isipokuwa mifuko ya pembeni ya wavu imeshikwa na miiba ikatoboka sehemu mbili.

Binti_Asubuhi

Mwendopole kaka, mimi ninalo Kånken mwaka wa tisa, nalipenda kwa dhati, na kwa matumizi yako nakushauri usilinunue.

Kitambaa chake ni vinaloni, kikilowa nyuzi zinavimba na kubana matundu, kwa hiyo manyunyu madogo hayanisumbui. Kimechujuka rangi mabegani lakini hakijachanika popote. Kwa vitabu, kanga, nguo za mtoto, ni begi la kuzikana nalo. Tatizo ni kamba. Ni mikanda mitupu, haina sponji. Ukiweka kompyuta na lita mbili za maji inakata mabega, tena halina mkanda wa kifuani, sasa kwenye mteremko linayumba na wewe unayumba nalo. Nililipeleka mlimani mara mbili tu. Lipo toleo la kompyuta lenye kamba za sponji, hilo kwa kazini linafaa zaidi, ila mlimani bado si kwake.

Jiwe_la_Msingi

Ninalo GR1, nalitetea. Nimelikalia, nimelikokota kwenye kokoto, limebeba matofali siku nasaidia ujenzi. Mshono haujaachia hata mmoja. Ndani kuna ubao mwembamba wa plastiki unaolifanya lisimame wima, na mfuko wa kompyuta uko kwenye mgongo kabisa, juu kidogo ya sakafu ya begi, kwa hiyo ukiliweka chini kwa pupa kompyuta haigongi. Linafunguka lote kama sanduku.

Ila niseme ukweli kwa mtu wa mlimani: halina mifuko ya nje ya chupa. Kila ukitaka maji unavua begi. Na mgongo wake umelala bapa juu ya mgongo wako, shati linalowa jasho chapachapa. Mimi siendi milimani mara nyingi kwa hiyo navumilia. Ningekuwa naenda mara mbili kwa mwezi ningefikiri upya.

Mwendopole

Asanteni sana. Fundi, maneno yako yameniingia. Nimelichukua lile begi lililokufa nikaligeuza: kamba imepita mshono mmoja tu, na ule mshono wa kijiti haupo hata mmoja. Miaka minne nalaumu kitambaa.

Kwa hiyo GR1 linatoka kwa ajili ya uzito na chupa, Kånken kwa ajili ya kamba. Lakini Talon kwa kazini? Sponji ya kulinda kompyuta sikuiona. Na mvua je?

Nyumba_ya_Konokono

La mvua niachie mimi, nimelipia somo lake.

Nilikuwa na begi lililouzwa kama lisilopitisha maji, kampuni siitaji. Nilitoka nalo mvuani, nikalikunja na unyevu wake nikalisukuma juu ya kabati kwenye chumba cha joto. Miezi minane baadaye nalitoa, ndani linanata kama gundi, linanuka kama jibini, na ule utando wa ndani unabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Ni plastiki ya poliyurethani wanayopaka upande wa ndani wa kitambaa. Unyevu na joto huivunja polepole, na ikishaanza hakuna dawa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipya kabisa. Basi mkuu, ukirudi kutoka mvuani lifungue zipu zote, lining'inize kivulini penye upepo likauke kabla ya kulihifadhi. Nadhani hilo peke yake linaongeza umri wa begi kuliko hizo denia zote.

Halafu usiamini sana kitambaa kisichopitisha maji. Maji hupita kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu. Kifuniko cha mvua cha kuvisha juu kinasaidia, ila hakifuniki mgongo, maji yanatiririka kutoka shingoni yanaingia kwa nyuma, na upepo mkali unakinyakua. Mimi naweka mfuko mwepesi usiopitisha maji ndani ya begi, nasokota mdomo, naukunja. Begi lilowe linavyotaka, vilivyo ndani ni vikavu.

Kilele

Kwa kompyuta, nunua kava lenye sponji, itumbukize hivyohivyo. Tena ni salama zaidi kuliko mifuko mingi ya kompyuta iliyoshonwa ndani ya mabegi, ambayo chini haina sponji kabisa na inagusa sakafu ya begi. Mkanda wa kiunoni siku za kazi naufunga kwa nyuma, kuzunguka begi, usinase kwenye viti.

UziMnene

Kabla hujalipa, zipu. Mabegi mengi ninayoletewa hayana tatizo la kitambaa wala mshono, ni zipu imekataa. Na watu wanataka zipu nzima ing'olewe, wakati mara nyingi kilichochoka ni kichwa chake tu, kile kinachopanda na kushuka. Kikilegea hakibani meno tena, zipu inafunguka nyuma yake. Ukikibana kidogo kwa koleo pande zote mbili, kwa upole, unapata majuma kadhaa. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Namba iliyochorwa nyuma ya kichwa cha zipu ni ukubwa: 5 ni takriban milimita tano upana wa meno yakiwa yamefungwa, 8 na 10 ni pana zaidi. Kwa mfuko mkuu wa begi la kila siku napenda 8 au 10. 5 iachie mifuko midogo. YKK wa Japani, ambao wako kazini tangu 1934, wamejaa kwenye mabegi mazuri, lakini hata zipu yao huuawa na mchanga. Mswaki wa zamani, maji, basi, mara moja kwa mwezi.

Na mabizimu, zile plastiki za kufungia mkanda wa kifuani na wa kiunoni. Siku moja utalikanyaga au kulibana na mlango wa gari. Likiwa limeshonewa moja kwa moja ndani ya mkanda, inabidi ufumue. Likiwa la kuchomoa na kupachika, unabadilisha mwenyewe.

Binti_Asubuhi

Nenda nalo dukani lile lenye kamba iliyokatika ukalinganishe. Na upeleke vitu vyako vyote halisi, kompyuta, chupa iliyojaa, mwavuli. Usikubali lijazwe magazeti, ni mepesi na yanalifanya begi lipendeze. Livae robo saa, panda na kushuka ngazi.

Mwendopole

Nimetoka dukani. Nilienda na kila kitu kama alivyosema dada. Mgongo wangu umepimwa sentimita 47, saizi ndogo ya Talon ilinikaa vibaya, kubwa ikakaa sawasawa. Mishono ya vijiti nimeihesabu, ipo kila kamba juu na chini, kingo za ndani zina utepe. Dakika ishirini kwenye ngazi, mabega kimya.

GR1 nililivaa pia likiwa na mzigo uleule. Kushonwa limeshonwa kwa heshima kubwa, Jiwe_la_Msingi ana haki ya kulitetea. Nilipolivua ndipo nilipojua lilikuwa zito.

Nimechukua Talon, pamoja na kava la kompyuta. Jumamosi naenda nalo. UziMnene, lile la zamani nikikuletea kamba inashoneka? Mwanangu analitaka la shule.

UziMnene

Inashoneka. Usiikate hiyo kamba wala kuifumua zaidi, ilete ilivyo. Nitafungua mshono wa juu, niisogeze ndani kama vidole vitatu, niweke kipande cha mkanda nyuma yake na vijiti viwili kila upande. Angalia kwanza utando wa ndani kwa kucha, kama haubanduki tuendelee.

Mwendopole

Nimekwangua, haubanduki. Naleta.