Ufunguo wa depo ya kemikali unatembea mikono mingi, kwenu munafanya je?

asistanti_katuba
Jambo yenu bote. Niko asistanti wa kemia hapa Lubumbashi. Depo yetu ya produi iko na kadena moja tu na ufunguo unakaa ku musumari nyuma ya mulango wa sekretaria, mwenye anataka anakamata. Banafunzi ba metalurji benye kuandika memwari ya kumaliza masomo juu ya shaba na kobalti banakuyaka siku ya posho (Jumamosi), banabeba asidi, banaenda. Juzi natafuta asidi nitriki ya kuyeyusha sampulu za mawe, chupa yenye ilikuwa imejaa nakuta imebakia robo, nauliza, hakuna mwenye anajua. Shefu wa departema anasema tununue kufuli ya kadi, ile ya umeme. Lakini SNEL, kampuni ya umeme, inakata moto wakati yoyote, sasa ile kadi itasaidia nini mu giza? Bakubwa, minaomba mashauri.

mama_labo
Mutoto wangu, kwanza toa ule ufunguo ku musumari leo, usingoje bajeti. Kadena nayo ubadilishe, juu hujui ni bangapi balishatengenezesha kopi ku soko. Funguo mpya zikae kwa bantu wawili wenye majina yao yameandikwa, na ya tatu mu anvelopu yenye sinyature kwa shefu. Mwanafunzi asiingie depo hata kama ni wa memwari, anaandika bon: produi gani, kiasi gani, ya kazi gani, promota (mwalimu mwenye kumuongoza) anasini, wewe njo unamupimia na kumuletea inje.

Na rejista usiandike "chupa moja", pima ku balanse mbele ya kutoa na kisha kurudisha. Litre moja ya asidi sulfuriki ya 98% ni karibu kilo 1,84, ukipima utajua mara moja kama kuna mwenye alipunguza. Sianuri, ile sumu kali, iwe na armware (kabati) yake yenye kufungwa na ufunguo mwingine kabisa, na mbali ya asidi zote, juu zikikutana inatoka gesi ya kuua.

kemia_mpakani
Naunga mkono mama hapo juu, ila kadena inanitia wasiwasi kuliko hata wizi. Ikifungwa kwa nje wakati mtu yuko ndani anatokaje moto ukiwaka? Wekeni kitasa cha kawaida ambacho nje kinahitaji ufunguo lakini ndani unashusha mkono wake tu mlango unafunguka. Kufuli ya kadi ina faida moja kubwa, inaandika nani aliingia saa ngapi, lakini bila betri ya akiba msiinunue, na muulizeni muuzaji umeme ukikatika inabaki wazi au inajifunga, maana zipo za aina zote mbili.

Jambo lingine, nani anaingia ni nusu tu ya kazi. Mkishajua nani ana ufunguo angalieni ndani mna nini. Asidi nitriki ikiwa rafu moja na asetoni au alkoholi hamjalinda kitu, chupa mbili zikivuja moto unaanza wenyewe mlango ukiwa umefungwa vizuri kabisa. Etha nayo inachemka kwenye digrii 35 hivi, sasa fikiria depo isiyo na hewa chini ya mabati mwezi wa kumi hapo Lubumbashi, na etha iliyokaa muda mrefu baada ya kufunguliwa inatengeneza peroksidi zinazolipuka. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye kila chupa. Mkikuta ya zamani yenye chembe nyeupe kwenye kifuniko msiiguse, msijaribu kuifungua.

asistanti_katuba
Aksanti sana. Mama, na ba siku ya posho? Mie na mwenzangu hatukuyake siku ile, na bale banasema defanse yao iko karibu, banaweza kwenda kulalamika kwa doyen, mukubwa wa fakulte.

mama_labo
Balalamike. Bon inaletwa siku ya tano (Ijumaa) mbele ya saa sita, unabapimia kiasi cha kazi yao tu mu chupa ndogo yenye etiketi, jina ya produi, kipimo, alama ya hatari, jina ya mwanafunzi. Ile chupa inabaki mu labo chini ya hoti (kabati yenye kuvuta gesi inje), haiendi ku nyumba wala mu bisi. Na shefu asini note moja yenye kusema hivyo, ibandikwe ku mulango, ili wakienda kwa doyen akute imeshaandikwa na haiko wewe peke yako unakatalia bantu.

asistanti_katuba
Sawa mama. Note naanza kuiandika leo, na kesho asubui tunapima chupa zote na mwenzangu.