Tuzo ya "mchezaji bora wa mwaka" kwenye briji inapima mfuko na muda, haipimi mchezo

Wadau wa briji (mchezo wa karata wa jozi mbili), hili la Barry Crane Top 500, tuzo ya mwaka ya pointi nyingi, lisemwe wazi. Tangu 1937, enzi tuzo hii ikiitwa Kombe la McKenney, chama cha briji cha Amerika Kaskazini (ACBL) kinamtukuza aliyezoa pointi nyingi za ubingwa kuanzia Januari hadi Desemba. Basi! Hazigawanywi kwa idadi ya bodi (kila mgao wa karata unaochezwa), na ukiboronga hukatwi hata moja. Unahamia mashindano mengine unaendelea kuzoa. Mwenye nafasi na nauli ya kucheza kila wiki anampita aliye bora kuliko yeye, na sisi tunapiga makofi.

Pointi zenyewe si za mtu mmoja. Timu ya watu 6 ikishinda mtoano, kila aliyecheza walau nusu ya bodi anabeba fungu lilelile. Mfadhili anaajiri mabingwa 5, anacheza nusu yake, wenzake wanafidia alichomwaga, kisha wote wanaandikiwa sawasawa. Hiyo ni tuzo ya mtu binafsi kweli?

Ile ya Player of the Year, iliyoanza 1990, ina nafuu kwa sababu inahesabu pointi za platinamu tu, zinazopatikana kwenye mashindano makubwa ya kitaifa. Lakini mgawo wa timu ni uleule.

Msiniletee Butler kama dawa, ile hesabu ya kulinganisha matokeo ya kila jozi na wastani wa meza zote. Chukueni bodi moja: wapinzani wako "hatarini" (zawadi na adhabu zao ni kubwa zaidi), wanacheza kopa 4 (wameahidi kushinda mizunguko 10, kopa ikiwa turufu), wastani wa meza zote ni 620 kwao. Kwenye meza yako mchezaji wao anasahau kuvuta turufu ya mwisho, anapungukiwa mzunguko mmoja. Wewe +100, tofauti 720, ambayo kwenye jedwali la kubadili tofauti kuwa alama za IMP ni IMP 12 kwenye jina lako na la mwenzi wako. Umefanya nini? Umefuata rangi tu! Tena nahodha ndiye anayepanga nani akae na nani: jozi inayofichwa siku ya timu ngumu inapanda jedwalini kuliko jozi inayobeba mechi nzito zote.

Tunachotaka kinawezekana, kwa sababu matokeo ya kila bodi kwenye mashindano makubwa yanarekodiwa. Pembeni ya kila jina iandikwe idadi ya bodi, IMP kwa kila bodi, na nguvu ya wapinzani aliokutana nao. Kiwepo kima cha chini cha bodi ili wiki moja ya bahati isimpe mtu kombe. Na mfadhili aorodheshwe kwa bodi alizocheza mwenyewe, si alizochezewa.