Mjadala: Ibada ya hadharani ilindwe na Katiba, au ibaki chini ya kibali cha ofisi?

Mleta mada, Bagamoyo mjini

Wakuu, nisizunguke. Katiba mpya ikipatikana, haki ya kusali na kuabudu mahali pa wazi iandikwe humo kwa maneno ambayo afisa yeyote akiyasoma hana pa kuponyokea.

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inatupa uhuru wa imani, hata wa kubadili dini. Ikifika kwenye ibada inasema ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Haigusi ibada ya hadharani wala ya watu waliokusanyika, halafu mipaka inaachiwa sheria nyingine. Sheria ya polisi inataka mwenye mkusanyiko mahali pa umma atoe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Hilo sina ugomvi nalo. Linaloniudhi ni pale unapojibiwa kwa mdomo tu kwamba "mambo ya dini fanyeni majumbani kwenu", bila barua, bila sababu. Kikundi chetu kimejibiwa hivyo. Ofisi siitaji.

Wenzetu Kenya walilimaliza hili mwaka 2010. Ibara yao ya 32 inampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake akiwa peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani.

Na kama kuna mji unaostahili kulidai hili, ni huu wetu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa 1868 na misheni yao ipo mpaka leo. Sheikh Ramiya aliletwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa Kadiria, tarika ya Kisufi, na maulidi yake yakawa yanakusanya watu wa pwani na wa bara. Alifariki 1931, ziara haikufa. Zikri ya watu wengi namna ile utaifungia chumba gani? Wazee wetu waliabudu nje, kila mmoja na yake, na hawakuombana radhi.

Mchangiaji, Dunda

Kaka, hoja yako ina moyo lakini umeruka mambo. Ibara ya 20 inatoa uhuru wa kukutana na watu wengine na kutoa mawazo hadharani. Isome pamoja na ya 19, ulinzi unao. Na mahakama zimeshaonyesha. Dibagula, mhubiri wa Kiislamu, alihukumiwa miezi 18 kwa kusema kwenye mhadhara wa wazi Morogoro kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia ile, kwa sababu kutamka imani yako si kosa kama hukukusudia kuumiza hisia za wengine. Katiba hii hii ndiyo iliyomwokoa. Tatizo lako ni afisa mmoja asiyejua sheria, na huyo hata umwandikie ibara kumi hatazisoma.

Mchangiaji, Magomeni

Mimi ni muuguzi, nalala mchana nikitoka zamu ya usiku. Nyuma ya nyumba kuna mahubiri ya vipaza sauti, mbele kuna mawaidha ya vipaza sauti. Naipenda dini yangu, sitasema ipi. Lakini mkishaiandika ibada ya hadharani kwenye Katiba, nani atathubutu kumwambia mtu apunguze sauti? Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo na hazitekelezwi kwenye nyumba za ibada, watu wanaogopa kuitwa maadui wa Mungu. Mgonjwa na mtoto mchanga nao wana haki. Naomba mnijibu hili bila kunihubiria.

Mchangiaji, mwalimu, Kaole

Dada hapo juu kagusa penyewe, mimi naongeza la shule. Jimbo la Missouri huko Marekani lilipiga kura Agosti 2012 kuongeza kwenye katiba yake ulinzi wa sala mahali pa umma, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali. Ndani yake likaingia neno kwamba mwanafunzi asilazimishwe kufanya kazi ya darasa inayokwenda kinyume na imani yake. Nikifundisha baiolojia hapa, nusu ya darasa ikikataa mada, nifanyeje? Ibara inaombwa kwa ajili ya sala, inarudi na mengine mgongoni.

Mchangiaji, Zinga

Nyote mnazungumzia msikiti na kanisa. Bibi yangu anatambika chini ya mbuyu. Ibara hiyo itamlinda naye, au ataitwa mchawi kama kawaida?

Mleta mada

Nianze na Zinga, maana wengine mmempita. Ndiyo, imlinde. Haki inayowalinda wenye majengo makubwa tu haina kazi, hao wana namba za simu za wakubwa.

Ndugu wa Dunda, kesi ya Dibagula nakubaliana nayo kabisa, ila tazama njia aliyopita: mahakama ya wilaya, Mahakama Kuu, kisha Rufani. Mama wa mtaani anayetaka kusalisha watu uwanjani Jumapili hii hawezi kungoja majaji. Ibara iliyo wazi inambana afisa kabla ya kesi.

Dada muuguzi, sikuhubirii. Ninachotaka kilindwe ni ibada, si kipaza sauti. Saa za vipaza sauti na kiwango cha sauti viwekwe na sheria moja kwa dini zote, baa na kampeni za siasa zikiwemo, na nyumba ya ibada ikivuka ishtakiwe kama wengine.

Mwalimu, la Missouri umenipa funzo: sentensi ile ya masomo isiingie kwetu. Lakini huko huko Marekani, tangu 1962 Mahakama yao ya Juu imezuia serikali kutunga sala na kuisomesha mashuleni. Raia kusali ni jambo moja, serikali kusalisha ni jingine. Ibara ya 32 ya Kenya inakataza pia mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake, na sisi tuichukue pamoja na hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza vifungu vitatu: kwanza, ibada hadharani au faraghani, peke yako au na wengine; pili, anayekataza aandike sababu na rufaa isikilizwe kabla ya siku ya ibada; tatu, asiwepo wa kulazimishwa kusali shuleni wala kazini. Mwenye kuona hatari katika kile cha pili aieleze hapa, maana ndicho nilichokifikiria kwa muda mfupi kuliko vyote.