Naomba ushauri: nitunzeje aisii na bodi stoo zisiuliwe na umeme tuli?

BintiPasua:
Habari zenu wakuu. Mjomba amefunga karakana yake ya redio na TV hapa Moshi, umri umekwenda, na vipuri vyote kaniachia mimi ninayetengeneza kompyuta. Kuna aisii za amplifaya (vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi), mosfeti (transista za miguu mitatu), memori za laptop, diski za SSD na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) kadhaa. Chumba nilichopata Sakina, Arusha, bado kinajengwa, kwa hiyo mzigo utakaa stoo kiangazi chote.

Kwa sasa aisii zimechomekwa kwenye sponji ya godoro, memori ziko kwenye vifuko vya kufungia karanga, mosfeti ziko kwenye kopo la siagi, na bodi zimelaliana ndani ya ndoo ya plastiki. Bajeti yangu ni ndogo. Mjomba amevikusanya hivi vitu maisha yake yote, nitaumia sana vikifia stoo. Natanguliza shukrani.

KijengeJuu:
Mkuu, mambo ya umeme tuli ni ya Ulaya kwenye baridi na mazulia. Huku tunashika memori kwa mikono na zinawaka. Tia kwenye boksi, funga, basi.

FundiRisasi:
KijengeJuu, kwa heshima, hapo unampotosha dada wa watu. Ule mchomo wa kidoleni wa umeme tuli huwezi kuusikia mpaka ufike kama volti 3,000. Sasa fungua datashiti (karatasi ya vipimo) ya mosfeti ya kawaida, angalia geti, yaani mguu wake wa kuiwasha na kuizima: nyingi mwisho wake ni volti 20. Maana yake unaweza kuiua bila kusikia chochote.

Na suala ni ukavu wa hewa, siyo Ulaya. Vipimo vinavyotumika sana kwenye fani hii vinaonyesha kwamba kuokota tu mfuko wa plastiki mezani kunaweza kuzaa volti 20,000 hewa ikiwa kavu, na kama 1,200 hewa ikiwa na unyevu mwingi. Alasiri ya Septemba Arusha, vumbi linatimka na midomo inapasuka, ndiyo hewa kavu yenyewe. Ongeza sweta la mtumba la nailoni.

Hilo la "zinawaka" ndilo linaloniuma zaidi. Kipuri kinaweza kujeruhiwa bila kufa. Unakifunga, kinafanya kazi, mteja anaondoka ameridhika, kisha anarudi kifaa kimezima na wote mnalaumu umeme wa kukatikakatika.

Dada, anza na sponji ya godoro. Itoe leo. Inazalisha chaji na haiipitishi popote. Sponji ya aisii ni ile nyeusi yenye kaboni, inayounganisha miguu yote ili isitofautiane volti. Ila ukikuta nyeusi ya zamani inamomonyoka na kunata, itupe nayo, inakula miguu ya aisii.

KijengeJuu:
Nimekuelewa mzee. Basi memori azitie kwenye ile mifuko ya pinki, si ndiyo ya kazi hiyo?

Mlimani_Elektroniki:
Hapo wengi hukosea. Mfuko wa pinki wenyewe hauzalishi chaji nyingi, lakini haukingi. Mtu mwenye chaji akiugusa kwa nje, kilichomo ndani kinaweza kupigwa. Isitoshe, dawa iliyomo kwenye hiyo plastiki huisha nguvu kadiri miaka inavyokwenda.

Kwa memori, SSD na bodi tafuta mfuko wa rangi ya fedha unaoona ndani kwa mbali. Una utando wa metali unaofanya kazi kama kizimba cha Faraday, chaji inazungukia nje. Maduka ya kompyuta wanaitupa kila siku, omba. Kabla ya kutumia, uinue kwenye mwanga: ukiona vitobo au mikunjo iliyochubuka, achana nao. Kipuri kiingie chote na mdomo ukunjwe, mfuko ulioachwa wazi haukingi inavyotakiwa.

BintiPasua:
Asanteni sana. Sponji nyeusi sijaipata. Foili ya jikoni inafaa? Na nikiwa nahamisha vitu nijilindeje?

FundiRisasi:
Inafaa kabisa. Kunja foili juu ya kipande cha katoni, chomeka miguu ya aisii ipenye. Mosfeti zifunge miguu yote mitatu kwa pamoja. Ila bodi yenye betri ya kidonge usiiguse na foili, utapiga shoti. Toa betri kwanza. Sponji nyeusi nayo vilevile, itaimaliza hiyo betri.

Mkononi vaa mkanda wa ethi, unaopeleka chaji ya mwili ardhini, ule wenye resista (kipunguza mkondo) ya megaomu 1. Hiyo resista ndiyo uhai wako: ukigusa volti 230, mkondo utakaopita kwenye mkanda haufiki robo ya miliampia. Usifunge waya mtupu mkononi hata siku moja. Na fundi umeme ahakikishe ethi ya nyumba ipo kweli, soketi nyingi zina tundu la tatu lisilo na waya nyuma.

Mlimani_Elektroniki:
Stoo yenyewe, shelfu ya chuma ni bora kuliko ndoo. Silika jeli (vile vifuko vya kunyonya unyevu) weka, lakini ujue inazuia kutu tu, umeme tuli haiuhusu.

BintiPasua:
Jumamosi naanza na memori na SSD, kisha mosfeti. Mifuko nitaifunga kwa selotepu na kuandika majina juu.

FundiRisasi:
Selotepu hapana dada, kule kuivuta tu kunazaa chaji kubwa. Andika jina kwa kalamu ya wino mfuko ukiwa bado mtupu, weka kipuri, kunja mdomo, banika kwa kibanio cha karatasi. Bodi zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine.

BintiPasua:
Sawa mzee wangu. Mjomba ana vibanio boksi zima.